Mstari Umepita Wapi? Ushauri kwa Wanaochora, Wanaopangisha na Wanaopanga Majengo Uvira

Uvira imebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Ardhi tambarare ni ukanda mwembamba, na barabara ya taifa namba 5 inapita katikati yake. Anayetaka kuongeza pango hana pa kutanukia, kwa hiyo anapanda juu. Kutoka Kavimvira mpaka Kalundu utaona majengo ya aina moja: chini maduka na depo, etaji ya kwanza ofisi, juu yake vyumba vya kuishi, na nondo zimeachwa wazi kwenye zege zikisubiri etaji nyingine siku pesa zitakapopatikana.

Majengo haya yanaweka wapangaji wengi chini ya paa moja. Zamani hesabu ilikuwa nyepesi: chumba cha mbele kina bei yake, cha nyuma kina yake, basi. Siku hizi mashirika, maduka makubwa na ofisi huuliza bei kwa mita ya mraba. Mwenye nyumba naye anataka kujua jengo lake lina mita ngapi za kupangisha kabla hajaenda kukopa. Kijana mwenye kompyuta anaitwa, anachora, programu inatoa namba yenye desimali mbili, na watu wote wanaiamini kwa sababu imetoka kwenye mashine.

Hapo ndipo naomba tusimame kidogo. Programu haijui duka la mpangaji linaishia wapi. Inapima mstari uliochorewa, hata kama mstari huo umepita pasipostahili. Namba ya eneo isiyotaja mstari umepita wapi haijawa kipimo bado, na mkataba uliojengwa juu yake utaleta ugomvi siku ambayo kodi itapanda au ukuta utahamishwa. Ushauri wangu wote katika makala hii unatoka hapo: amueni kanuni kwanza, ichoreni, iandikeni kwenye lebo, na iingizeni kwenye mkataba.

Kanuni kabla ya kompyuta

Tuchukue duka moja katikati ya safu ya maduka. Ndani, kutoka lipu hadi lipu, lina upana wa mita 5 na kina cha mita 8. Kuta zote zina unene wa sentimita 20 pamoja na lipu. Ukipima uso wa ndani wa kuta, eneo ni mita za mraba 40. Ukipima katikati ya kuta zote nne, ni 5.20 kwa 8.20, yaani mita za mraba 42.64. Na ukipima katikati ya kuta mnazochangia na jirani, lakini mpaka uso wa nje mbele na nyuma, ni 5.20 kwa 8.40, yaani 43.68.

Vipimo vyote vitatu ni vya kweli, na duka ni lile lile. Lakini kama bei ni dola 10 kwa mita ya mraba kwa mwezi, tofauti kati ya kipimo cha kwanza na cha tatu ni dola 36.80 kila mwezi, au dola 441.60 kwa mwaka. Kwa mama anayeuza vitenge, hizo ni pesa za kuongeza mzigo. Hakuna aliyemwibia. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza tangu mwanzo: mstari umepita wapi?

Dunia nzima imehangaika na swali hili. Marekani chama cha wenye majengo, BOMA, kilitoa kanuni yake ya kwanza mwaka 1915. Ufaransa ilipitisha sheria ya Carrez tarehe 18 Desemba 1996 kwa ajili ya mauzo ya nyumba za ghorofa. Sheria hiyo haihesabu kuta, ngazi wala sehemu yoyote ambayo dari lake liko chini ya mita 1.80. Baadaye mashirika ya nchi nyingi yalikaa pamoja na kutunga kanuni za kimataifa, IPMS. Ya ofisi ilitoka mwaka 2014, na mwaka 2023 ikatoka moja ya majengo ya aina zote. Mojawapo ya sababu zao ilikuwa utafiti wa kampuni ya JLL ulioonyesha kwamba eneo la jengo moja linaweza kutofautiana hadi asilimia 24 kwa kubadili tu njia ya kupima.

Kwa majengo yetu ya kando ya ziwa napendekeza kanuni fupi ambayo mtu yeyote anaweza kuihakikisha mwenyewe. Eneo la mpangaji lipimwe kwenye uso wa ndani wa kuta zilizokwisha kupigwa lipu, sentimita chache juu ya sakafu. Nguzo zilizosimama ndani ya chumba zitolewe. Nguzo ya sentimita 30 kwa 30 inakula mita za mraba 0.09, na nne zinakula 0.36. Sehemu ya chini ya ngazi ambayo mtu mzima hawezi kusimama wima ionyeshwe peke yake, isichanganywe na chumba. Galeri ya mbele iandikwe kando kabisa, na kama imekaa juu ya ardhi ya barabara, mpangaji asitozwe hata sentimita moja ya hapo.

Nachagua uso wa ndani kwa sababu moja: mpangaji anaweza kuingia na mita yake ya mkononi na kupata namba ile ile. Katikati ya ukuta hapagusiki. Mwenye nyumba asiogope kwamba atapoteza. Kama gharama zake zinadai dola 400 kwa duka lile, bei itakuwa dola 10 kwa mita 40 badala ya dola 9.16 kwa mita 43.68. Pesa ni zile zile, ila sasa kila mtu anaona zinavyotoka.

Pima jengo, usipime karatasi

Plani iliyopelekwa ofisi ya urbanisme ni nia. Jengo lililosimama ni jambo jingine. Viwanja vyetu vingi havina pembe mraba, vinafuata mteremko, njia ya maji au mpaka wa jirani, na fundi hurekebisha ukuta papo hapo ili tofali zitoshe. Ukitoa eneo la mpangaji kwenye plani ya zamani bila kurudi kwenye jengo, unauza nia.

Subiri lipu ikauke, kisha pima. Kila chumba kipimwe upana mbele na nyuma, na kina pande zote mbili. Duka lenye mita 5 mlangoni linaweza kuwa na 4.70 mwisho, na hapo eneo si 40 tena bali 38.80. Mpimaji aliyesimama mlangoni tu hataliona hilo. Pima na mikingamo yote miwili, kutoka pembe hadi pembe. Chumba cha 5 kwa 8 chenye pembe mraba kina mkingamo wa mita 9.43. Ukipata namba nyingine, chumba kimepinda, na ni lazima ukichore kilivyopinda: gawa umbo kwa pembetatu mbili ukitumia mkingamo mmoja, na programu itakujengea umbo la kweli.

Kipima cha leza ni kizuri, lakini mita ya utepe inatosha ikiwa mnaishika wawili na kuivuta sawasawa. Andika vipimo kwenye daftari kabla ya kuvitia kwenye kompyuta, pamoja na tarehe na majina ya waliokuwepo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na umeme wa Uvira nao haumsubiri mtu amalize kuhifadhi faili.

Kuchora eneo ndani ya programu

Kosa linalorudiwa sana ni kuandika eneo kwa mkono. Mchoraji anapima, anasoma namba, anaipiga kama maandishi ndani ya chumba. Wiki mbili baadaye ukuta unasogezwa nusu mita, maandishi yanabaki palepale, na plani imekuwa shahidi wa uongo. Programu zote kubwa zina njia ya kuunganisha namba na umbo lenyewe. Itumie kila mara.

Anayetumia AutoCAD achore mpaka wa kila eneo kwa polilaini iliyofungwa, kwenye leya ya peke yake isiyo na kitu kingine. Lebo isome eneo kutoka kwenye polilaini kwa njia ya fildi, na mchoro uchorwe upya kabla ya kuchapa ili namba zijisahihishe. Angalia pia vipimo vya msingi: ukichora kwa milimita, eneo litatoka kwa milimita za mraba, na ni lazima ligawanywe kwa milioni moja. Kosa la sifuri hapo hugeuza duka kuwa uwanja wa mpira.

Katika Revit kuna vitu viwili ambavyo wengi huvichanganya: chumba na eneo. Chumba hujaza nafasi iliyozungukwa na kuta, na mpaka wake hufuata chaguo moja kwa mradi mzima: uso wa ukuta, katikati ya ukuta, au kiini chake. Kuta zisipokutana, programu itakuambia chumba hakijafungwa. Ukiweka vyumba viwili katika nafasi moja, itakuonya kwamba kimoja kimezidi. Usiyapuuze maonyo hayo, kwa sababu jumla yako itakuwa mbovu. Eneo lina plani zake na mistari yake ya mpaka, nalo ndilo linalofaa zaidi kwa pango. Lakini tahadhari: Revit ina kanuni zake za ndani zinazosogeza mpaka kulingana na aina ya eneo. Duka hupelekwa mpaka uso wa nje wa ukuta wa nje, na kati ya ofisi na ofisi mstari hukaa katikati. Kwa hiyo ukibadili tu aina kutoka ofisi kuwa duka, namba inaweza kubadilika bila ukuta wowote kuguswa. Kama mmeamua kanuni yenu, zima kanuni hizo na uchore mipaka mwenyewe.

Katika ArchiCAD kazi hii inafanywa na zoni. Unaweza kuichora kwa mkono, au kuiacha itafute uso wa ndani wa kuta, au ifuate mistari ya rejea ya kuta. Kwa kanuni niliyopendekeza, chagua uso wa ndani. Katika mipangilio ya mradi utaona pia mahali pa kusema kama nguzo zitolewe. Jambo la kukumbuka ni kwamba zoni haifuati ukuta yenyewe baada ya mabadiliko. Ni lazima uiamuru isasishwe kabla hujatoa jedwali.

Asiye na uwezo wa kulipia programu hizo asijione ameachwa nje. LibreCAD na FreeCAD ni za bure na zinapima umbo lililofungwa bila shida. Uaminifu wa kipimo unatoka kwenye kanuni na kwenye kazi ya mita jengoni, na hivyo havinunuliwi.

Kabla ya kufunga faili, fanya jaribio hili. Jumlisha maeneo yote ya wapangaji kwenye etaji, ongeza sehemu za pamoja, ongeza kuta na nguzo. Jumla ni lazima ilingane na eneo zima la etaji lililopimwa nje. Etaji ya mita 12 kwa 25 ina mita za mraba 300. Kama wapangaji wana 214.60 na sehemu za pamoja 41.30, kuta na nguzo ni lazima ziwe 44.10. Ukipata upungufu wa mita 6, kuna chumba kimesahaulika, na ukipata ziada, kuna mahali pamehesabiwa mara mbili. Nakushauri pia ukadirie kila eneo kwa desimali mbili kwanza, ndipo ujumlishe, ili mpangaji mwenye kikokotoo cha simu apate jumla ile ile iliyo kwenye jedwali lako.

Lebo inayosema ukweli wote

Lebo nzuri ina mambo matano: namba ya eneo, matumizi yake, ukubwa kwa mita za mraba, kanuni iliyotumika, na tarehe ya kipimo.

Namba iwe ya mahali, isiwe ya mtu. Ukiandika jina la mpangaji kama jina la chumba, atakapohama itabidi plani, jedwali na mikataba vibadilishwe pamoja. Andika 0.03 kwa eneo la tatu la chini, 1.04 kwa la nne la etaji ya kwanza, na hesabu yako ianze kwenye mlango mkuu na kuzunguka upande mmoja katika kila etaji. Jina la mpangaji liingie kwenye safu yake ndani ya jedwali. Duka likigawanywa, yawe 0.03A na 0.03B. Yakiunganishwa mawili, yapewe namba mpya, na za zamani zipumzishwe moja kwa moja ili risiti za miaka iliyopita zisichanganywe na za leo. Bandika namba ile ile mlangoni kwa rangi isiyofutika.

Kanuni usiirudie yote ndani ya kila chumba. Iandike mara moja pembeni mwa plani, kwa Kifaransa kwa ajili ya ofisi na kwa Kiswahili kwa ajili ya mpangaji, kisha ndani ya lebo weka alama fupi inayoirejelea. Wapangaji wengi watasaini karatasi ya Kifaransa wasiyoweza kuisoma vizuri. Sentensi mbili za Kiswahili kwenye pembe ya plani ni haki yao, na hazimgharimu mchoraji chochote.

Rangi nazo zisaidie: moja kwa maduka, moja kwa depo, moja kwa ofisi, moja kwa makazi, na kijivu kwa sehemu za pamoja. Chapisha pia nakala moja ya rangi nyeusi na nyeupe uone kama bado inasomeka, maana ndivyo itakavyotoka kwenye mashine nyingi za kunakilisha mjini.

Ngazi, choo na jenereta

Sehemu za pamoja ndizo zinazowagombanisha watu zaidi, kwa hiyo zipewe lebo kama maeneo mengine, kisha zigawanywe kwa makundi. Mlinzi, shimo la choo na lango ni vya jengo zima. Ngazi, korido na vyoo vya etaji ya kwanza ni vya etaji ya kwanza na vya walio juu yake wanaopita hapo. Mwenye duka la chini mwenye mlango wake barabarani hapaswi kulipia taa za korido asiyoikanyaga.

Baada ya kugawa makundi, hesabu ni rahisi. Kama maeneo ya wapangaji yote yana jumla ya mita za mraba 480, na gharama za jengo zima ni dola 300 kwa mwezi, duka la mita 40 litachangia dola 25. Fanya hivyo hivyo kwa mafuta ya jenereta pale ambapo hakuna kompteri ya kila mmoja. Kwa bili ya umeme ya SNEL na ya maji ya REGIDESO, kompteri ndogo ya kila mpangaji ni bora kuliko mgawo wa mita za mraba, kwa sababu saluni ya mita 12 inaweza kutumia umeme na maji zaidi kuliko depo ya mita 100.

Wapo wanaopenda kuingiza sehemu za pamoja ndani ya eneo la pango. Jengo lenye mita 480 za wapangaji na 120 za pamoja lina kizidisho cha 1.25, na duka la 40 linaandikwa 50. Si kosa, mradi mkataba utaje namba zote mbili na kizidisho chenyewe. Kosa ni kuandika 50 na kunyamaza.

Kipimo ndani ya mkataba

Kongo ilijiunga na sheria za OHADA, yaani sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, na tangu tarehe 12 Septemba 2012 pango la maduka na ofisi linafuata Sheria Moja ya Biashara iliyorekebishwa mwaka 2010. Makazi yana sheria yake ya taifa, namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015. Sheria ya OHADA inatambua hata mkataba wa biashara usioandikwa. Hilo linamlinda mpangaji asifukuzwe kama mgeni, lakini halimwambii hakimu duka lilikuwa na mita ngapi. Kwa hiyo andikeni, na pamoja na mkataba muambatanishe plani ya etaji yenye lebo, iliyosainiwa na pande zote mbili kwenye ukurasa huo huo.

Ongezeni sentensi inayosema nini kitatokea kipimo kikigunduliwa kuwa na kasoro. Napendekeza mkubaliane kwamba tofauti iliyo chini ya asilimia 2 haitabadili kodi, na iliyozidi hapo itapimwa upya mbele ya wote. Sentensi hiyo moja inazuia ugomvi wa sentimita na inafungua mlango kwa makosa ya kweli.

Mito na ziwa vinapobadilisha hesabu

Huku kwetu kipimo kina kazi nyingine ambayo vitabu vya programu havitaji. Tarehe 16 na 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilifurisha mto Mulongwe, na Uvira ikapoteza watu kadhaa na maelfu ya nyumba. Katika miaka iliyofuata, na tena mwaka 2024, ziwa lenyewe lilipanda na kuingia kwenye nyumba za ufukweni. Wengi hawakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha walichokuwa nacho.

Kwa hiyo kila plani ya jengo lililo karibu na mto au ziwa ionyeshe kimo cha sakafu ya chini kwa kulinganisha na alama isiyohama, kama ukingo wa daraja au barabara, pamoja na alama ya juu kabisa ambayo maji yaliwahi kufikia kama ipo. Mkataba useme kodi ya depo itakuwaje ikiwa sehemu yake imeingiwa na maji. Nakala ya PDF ya plani, yenye saini, ikae mahali pengine mbali na jengo: kwenye barua pepe, kwenye simu ya ndugu aliyeko Bukavu, kwenye ofisi ya mwanasheria. Faili iliyo kwenye kompyuta moja ndani ya etaji ya chini si akiba.

Wachoraji wa Uvira, Kiliba, Makobola na Baraka hawashindwi kukaa pamoja siku moja na kukubaliana kanuni moja ya ukurasa mmoja. Wakifanya hivyo, mpangaji ataweza kulinganisha duka la mtaa wa Mulongwe na la mtaa wa Kasenga bila kudanganywa na namba, mwenye nyumba mwaminifu hatashindwa na yule anayeongeza kuta kwenye hesabu, na benki itaamini majedwali yetu. Mpaka siku hiyo ifike, ewe unayetaka kusaini, omba plani yenye lebo, ingia dukani na mita yako, na uulize mstari umepita wapi. Mchoraji asiyeweza kukujibu hajamaliza kazi yake, na kalamu yako isubiri.